Tarakimu Mbili za Katikati

Saa 2:40 asubuhi, Jumapili.

Msumari alibandika picha ya mlango ukutani, juu ya matairi makuukuu. Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka mpira na jasho. Walikuwa watatu: Msumari mwenye genge, Pancha dereva, na Mwalimu, aliyefundisha hesabu miaka kumi na minne kabla ya kufukuzwa.

Mlango ulikuwa wa hazina ya sonara. Juu yake ilichongwa namba ya tarakimu mia moja na ishirini, wazi, kila mteja aione. Ni zao la namba tasa mbili, kila moja ya tarakimu sitini. Bonyeza zote mbili, mlango unafunguka. Kosea tarakimu moja, shata ya chuma inashuka nyuma yako na king'ora kinalia. Sonara aliringia kejeli hiyo: kuzidisha ni mteremko, kurudi ulikotoka ni mlima.

Mwalimu aliupanda kwa majuma tisa, kwa kompyuta kumi na mbili za mtumba. Juma la tano Msumari alimzaba kofi kwa kuchelewa. Akalimeza. Alikuwa na kubwa zaidi kooni.

Mdogo wake, tumbo moja baba mbalimbali, alikuwa ametimiza miaka mitatu gerezani kwa ajili ya mlinzi aliyepigwa risasi na Msumari. Askari walimkuta kapiga magoti kando ya maiti, akijaribu kuziba damu. Bastola haikupatikana. Ilikuwa hapa, kiunoni mwa Msumari, ambaye hakujua undugu huo. Jambazi mwenye akili huitupa. Msumari aliiita bahati yake na kulala nayo.

"Nitajuaje hujanichezea?" Msumari aliuliza.

Mwalimu akamfundisha. Kikokotoo cha simu hakina nafasi ya kuzidisha namba ndefu hivyo, lakini zipo njia mbili za kukagua. Namba moja inaishia na tatu, nyingine na tisa. Tatu mara tisa, ishirini na saba. Ya mlangoni inaishia na saba. Kisha jumlisha tarakimu zote za kila namba, ukitupa tisa kila zinapofika; mabaki ya hizo mbili yakizidishwa na kutupwa tisa tena, yalingane na ya mlangoni. Msumari alijumlisha kwa kidole, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la pili. Zikakubali.

"Kumbe mnalipwa kwa upuuzi huu."

"Ni rahisi ukifundishwa, kaka."

Saa 4:55.

Mlinzi wa sonara alifungwa kamba chooni. Pancha alibaki nje, injini ikinguruma.

Saa 5:06.

Msumari alimkandamizia Mwalimu bastola mbavuni na kumwamuru abonyeze. Namba ya kwanza: taa ya kijani. Ya pili, Mwalimu alibonyeza taratibu.

Taa nyekundu. Shata ikaanguka kama shoka, king'ora kikalia.

Nje, gari la Pancha lilivuma, likafifia, likatoweka.

"Zilikubali," Msumari alisema. "Nilijumlisha mwenyewe."

"Ulijumlisha vizuri. Nilibadilisha nafasi za tarakimu ya thelathini na ya thelathini na moja. Jumla haijui nani kakaa wapi."

"Mwehu wewe. Tunafungwa wote."

"Nitafungwa. Mdogo wangu ameshatumikia kifungo chako miaka mitatu."

Msumari alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu wajuane: pua ile, paji lile la kijana aliyemwacha kando ya maiti. Kisha akaitazama bastola. Akageuka huku na huku akitafuta pa kuitupa. Chuma mbele, chuma nyuma. Hapakuwa na dirisha wala tundu la kupitisha kidole.

Saa 5:11.

Breki za gari la polisi zililia barabarani. Msumari aliifuta bastola kwa shati, haraka, kila upande, akaikamata kwa mtutu na kumsukumia Mwalimu mpini.

"Shika. Shika, au nakumaliza."

"Nimalize kwa bastola hiyo hiyo," Mwalimu alisema. "Watapata risasi mbili za kulinganisha, yangu na ya yule mlinzi."

Akainua mikono yote miwili, mitupu, vidole vimetanuka, kuelekea kona ya dari. Msumari akafuata macho yake juu.

Kamera ilikuwa inawatazama wote wawili, na bastola ilikuwa mkononi mwa Msumari.