Herufi Nyeupe

Kila siku baada ya masomo, Kipanya alipanda ngazi za nyuma ya duka la fundi cherehani mpaka kwenye chumba cha mjomba wake. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kwenye karai, maana mjomba hakutaka vidole vyenye vumbi viguse kompyuta zake, kisha akaketi. Jina la Kipanya alikuwa amepewa na mjomba huyohuyo, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa mwepesi kwenye kile kifaa cha kusogezea mshale. Jina lilimkaa vizuri, na lile alilopewa na wazazi likabaki la kuitwa na walimu tu.

Mjomba alikuwa fundi wa tovuti. Wenye gereji, wenye saluni na wenye maduka walimjia awatengenezee kurasa za mtandaoni, lakini mwenyewe alisema kutengeneza ukurasa ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuufanya uonekane.

"Mtu akiandika 'fundi wa matairi' kwenye simu yake," alimweleza Kipanya, "mtambo wa utafutaji unampangia majina kutoka juu kwenda chini. Aliye juu anapigiwa simu. Aliye chini anapiga miayo."

"Sasa huo mtambo unajuaje nani akae juu?"

"Unasoma. Hauwezi kuingia dukani kwako ukaangalia rafu. Unasoma ulichoandika, na unasikiliza wengine wanasema nini juu yako. Ndiyo maana wapo wahuni wanaoudanganya. Mhuni anarundika maneno ambayo watu huyatafuta sana, halafu anayatia rangi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Wewe huyaoni. Mtambo unayasoma yote." Akamnyooshea kidole. "Nakwambia haya ili uujue uhuni ukikutana nao, siyo uufanye. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba," alijibu Kipanya. Kweli alikuwa ameelewa, hasa ile sehemu ya katikati.

Mama yake Kipanya, dada wa huyo mjomba, alikuwa na duka dogo la dawa karibu na stendi. Aliuza dawa za homa na za kikohozi, bandeji, sabuni za watoto, na vidonge alivyovihesabu kwa kijiti juu ya sahani ya bati. Tovuti yake ilikuwa nadhifu: jina, picha ya mlango, saa za kazi na namba ya simu. Mjomba alimwachia Kipanya kazi ya kuutunza ukurasa huo, ili ajifunze.

Ng'ambo ya barabara lilikuwa limefunguliwa duka jipya la dawa lenye milango ya vioo. Mtoto wa mwenye duka hilo alisoma darasa moja na Kipanya, na wenzake walimwita Mbwembwe.

"Jana nimelitafuta duka lenu mtandaoni," Mbwembwe alisema wakati wa mapumziko, watu wakiwa wamejaa. "Nimeteremka, nimeteremka, mpaka kidole kikaota sugu! Mko ukurasa wa nne. Huko hata nzi hafiki."

Darasa zima lilicheka. Kipanya naye alicheka, lakini chakula chake hakukimaliza.

Jioni ile mjomba aliteremka kuzungumza na mteja. Kipanya alifungua orodha ya maneno ambayo watu wa eneo lile walikuwa wakiyatafuta. Ulikuwa msimu wa kufyeka mashamba, na karibu kabisa na juu aliona maneno haya: dawa ya sumu ya nyoka. Aliona pia oksijeni. Dukani kwa mama hakikuwepo hata kimoja kati ya hivyo.

Aliandika, "Tuna dawa ya sumu ya nyoka, ipo wakati wote." Akaongeza oksijeni na mengine. Kisha akachagua rangi nyeupe. Maneno yakatoweka mbele ya macho yake, ukurasa ukabaki safi kama kawaida. Kipanya alisikia hatua za mjomba kwenye ngazi, akafunga.

Haikuchukua muda, duka la mama likaanza kupanda. Likafika ukurasa wa pili, kisha wa kwanza. Mbwembwe akanyamaza. Mama akafurahi na kusema mjomba ana mkono wa baraka, na mjomba akakuna kidevu, akasema hata yeye haelewi.

Kisha simu zikaanza.

"Mna oksijeni hapo?" aliuliza mwanamke mmoja huku akihema.

"Hapana, dada. Nani amekwambia tunayo?"

"Mmeandika wenyewe."

Mama alikata simu akashangaa. Kesho yake akapiga mwingine, na mwingine tena. Mzee mmoja alikuja kwa miguu, akasimama kaunta akitafuta dawa ambayo haikuwepo, akaondoka akinung'unika kwamba watu wa siku hizi wanapenda kuchezea wagonjwa. Kipanya, aliyekuwa akipanga chupa kwenye rafu, hakugeuka.

Alipofika kwa mjomba, alilitafuta duka kwa simu. Chini ya jina la duka, kwenye orodha ya matokeo, mtambo ulikuwa umeyatoa maneno yake na kuyaweka hadharani, meusi ti: Tuna dawa ya sumu ya nyoka, ipo wakati wote. Yalifichika kwenye ukurasa wa mama tu. Kila aliyetafuta duka aliyaona.

Aliyafuta yote palepale. Akatafuta tena. Yalikuwa bado yapo.

"Mjomba," aliuliza, "mtu akifuta neno kwenye tovuti, mtambo unalisahau lini?"

"Mpaka urudi kuusoma ukurasa. Labda kesho, labda baada ya wiki kadhaa. Naweza kuuomba urudi haraka. Kwani kuna nini?"

Kipanya alitazama mikono yake. Ilikuwa safi. "Nauliza tu."

Tangu hapo kila simu ya dukani ilipolia, Kipanya aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza. Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Alijiambia kwamba pengine mtambo utasahau leo. Kila alipotafuta, maneno yalikuwa palepale, yakimsubiri mtu.

Mtu huyo alipiga asubuhi ya Jumamosi. Mama alikuwa akihesabu vidonge, kwa hiyo alibonyeza simu isikike kwa sauti, akaiweka kaunta.

"Hapo ni duka la dawa la karibu na stendi?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, na nyuma yake gari lilinguruma. "Tunakuja! Kijana wangu ameumwa na nyoka shambani. Ile dawa itoeni kabisa, tukifika tusisubiri."

Kijiti kilimdondoka mama. "Baba, sisi hatuna dawa hiyo. Nendeni hospitali kuu."

"Mnayo! Naisoma hapa."

"Ndugu yangu, nakuapia, hatuna."

"Mnaificha ili mpandishe bei! Nimeshasikia habari zenu wenye maduka. Mama, mtoto anavimba mguu mpaka gotini. Nakuja, na nikiikuta hapo tutaonana wabaya!"

Mama alikuwa amesema kweli yote aliyokuwa nayo, na haikusaidia kitu. Nyuma ya ngurumo ya gari ilisikika sauti nyembamba ya mtoto ikilia.

Kipanya aliinyakua simu.

"Baba, nisikilize! Maneno hayo niliyaandika mimi. Mimi ni mtoto wa mwenye duka. Ni uongo. Nilitaka duka letu lionekane la kwanza. Mama hakujua. Dawa haipo, haijawahi kuwepo!"

Gari liliendelea kunguruma.

Mama aliinama kwenye simu. "Baba, geuza gari. Msimchanje, msimfunge kamba. Mguu utulie, asiutembelee. Hospitali kuu, haraka!"

Simu ilikatika. Mama alipiga, haikupokelewa. Alipiga hospitali kuu, akawaambia wajiandae. Baada ya hapo hapakuwa na la kufanya. Walisimama mlangoni wakitazama barabara, wakiogopa kila gari lililokunja kona kuja upande wao. Kipanya alitamani mama amgombeze. Mama aliendelea kuipiga ile namba.

Hakuna gari lililosimama. Lakini hawakujua kama hiyo ilikuwa habari njema au mbaya.

Mjomba alipoitwa na kuelezwa, alikaa chini polepole. "Ulipouliza juu ya kusahau," alisema, "ungeniambia siku ileile, ningeyaondoa siku ileile." Aliuomba mtambo urudi kuusoma ukurasa. Maneno yaliondoka, na duka likaporomoka hadi mahali ambapo hata ukurasa wa nne ulikuwa wa kutamaniwa. Kipanya hakuzigusa tena kompyuta za mjomba kwa muda mrefu, kazi yake ikawa kufagia ngazi.

Habari zililetwa dukani na yule mwanamume mwenyewe. Aliingia akiwa na kijana wake, mdogo kwa umri kuliko Kipanya, akiegemea fimbo. Mguu ulikuwa umefungwa bandeji kuanzia kwenye vidole hadi juu ya goti.

"Yuko wapi aliyeandika?" aliuliza.

Kipanya alitoka nyuma ya rafu.

Mwanamume yule alimtazama. "Nilikuwa nimeshaipita njia ya kwenda hospitali," alisema. "Nilikuwa nakuja kwenu. Daktari ameniambia tungechelewa kidogo tu, ningerudi nyumbani peke yangu."

"Nisamehe, baba."

Hakusema amemsamehe, wala hakusema hajamsamehe. "Ulisema kabla sijafika," alijibu mwishowe. Akamshika kijana wake begani, wakatoka taratibu, fimbo ikigonga sakafu.

Mama alimvuta Kipanya akae karibu naye kwenye benchi la wagonjwa.

"Unajua kilichonitisha siku ile?" alisema. "Siyo nyoka. Mimi nilisema kweli, na yule baba hakuniamini, kwa sababu duka langu lilikuwa limeshamwambia uongo kabla yangu. Tangazo ni ahadi, mwanangu. Anayelisoma hatumwoni, hatujui ana shida gani wala amembeba nani mgongoni. Usimwahidi mtu kitu ambacho huna. Na ukishakosea, usingoje kosa lisahaulike lenyewe. Sema mapema, wakati mtu bado ana nafasi ya kugeuza gari."

Mteja aliingia akaulizia dawa ya kikohozi, na mama akainuka kumhudumia.