Kicheko Kilichogeuzwa Kikohozi

Soko la nguo mwisho wa mwezi halina adabu: unakanyagwa, na aliyekukanyaga ndiye anayekulaumu. Jicho, mpiga picha wa idara ya afya, alisukumwa mpaka akaiangukia meza ya fundi cherehani mmoja, kamera mkononi.

"Kaka, hiyo nguo ya bibi harusi. Ukiichana utaivaa wewe."

"Nikiivaa, utanioa?"

Fundi alikuwa amevaa gauni la manjano, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Kicheko kikamponyoka. Akajiziba mdomo kwa kipande cha kitambaa, macho yakabaki yanacheka peke yake. Jicho akabonyeza. Hakuomba ruhusa, alishazoea kwamba ukiomba, sura inakufa.

"Umenipiga?"

"Nimekupiga."

"Basi niletee picha yangu, mwizi we."

Akamletea, tena kwenye fremu. Siku ya pili akaja na suruali nzima isiyo na kasoro.

"Suruali hii haina tatizo," Fundi akasema.

"Tatizo liko kwa mwenye suruali."

Hapo mapenzi yakashika. Simu hazikulala.

"Umekula, roho yangu?"

"Nakula sauti yako."

"Haishibishi hiyo. Kapike, mvivu mkubwa!"

Lakini kamera ilikuwa ya idara, na picha zake zote zilikabidhiwa ofisini kila jioni. Jicho alilijua hilo kama ajuavyo jina lake. Mwenye kupenda hawazi mbali. Wenye kuwaza mbali ni wale wa viti vya kuzunguka, na huwaza matumbo yao.

Asubuhi moja simu ikalia.

"Uko wapi?"

"Kazini, mpenzi."

"Njoo uone ulichonifanya."

Mlangoni pa soko lilisimama bango refu kama ukuta wa nyumba. Fundi yuleyule, kitambaa mdomoni, na chini yake maandishi mekundu: KIFUA KIKUU KINAAMBUKIZA. JIFUNIKE UNAPOKOHOA.

Bibi harusi alikuja kuchukua nguo yake, akaishika kwa ncha za vidole. Jirani wa meza ya pili alisogea, eti anafuata kivuli.

Jicho akapanda ofisini.

"Picha safi sana, kijana!" mkuu wake akamwambia. "Wageni wameisifu."

"Mzee, huyu haumwi. Alikuwa anacheka."

"Nani kasema anaumwa? Bango linasema ajifunike. Si amejifunika?"

"Liondoeni, nakuomba."

"Mabango yapo kwenye kila soko, mpaka mikoani. Kuyaondoa kunataka kamati. Kwani yeye alikwambia hataki?"

Jicho akashuka ngazi. Wakubwa ndivyo walivyo: wakikukanyaga, mguu wao huitwa utaratibu.

Jioni alimkuta Fundi chumbani, anafunga cherehani kwa shuka.

"Nakwenda kwa dada. Huku sina mteja hata wa kifungo."

"Nikuoe. Hata leo."

"Waseme mgonjwa kapata wa kumlea?"

"Sikujua watafanya hivi, mpenzi."

"Ungeniuliza siku ile, ningekukatalia?"

"Usingekataa."

"Ningekwambia piga, lakini iwe yako, isiende kwa watu. Ungekuwa na neno langu la kumtupia huyo mkuu wako. Sasa ulikwenda kwake na nini?"

Alitamani agombezwe zaidi. Mwenye mwanamke wa kumgombeza hajui utajiri wake. Wapo wanaogombana na ukuta. Lakini Fundi alimpa upande mmoja wa cherehani wabebe.

Ndani ya basi, abiria wa kiti cha pembeni alimtazama Fundi, akamtazama tena, kisha akachukua mkoba wake akahamia nyuma. Jicho aliyaona yote akiwa nje dirishani. Akapanda, akaketi pale palipoachwa.

"Shuka. Kesho una kazi."

"Kazi gani? Ya kuwapigia picha wale?"

"Kwa dada hakuna pa kukulaza, Jicho."

"Nitalala mlangoni."

"Mjinga," akasema Fundi, ila hakumwambia tena ashuke.

Basi lilipofika mji wa pili lilipunguza mwendo sokoni, na bango lilikuwa pale, jipya, linang'aa. Ndani ya basi watu wakaanza kugeuza shingo. Jicho aliinua mkono amfunike Fundi macho, akaona hana haki hiyo. Akaushusha, akaushika mkono wa Fundi, wakalitazama wote wawili mpaka likapita.