Nasma na Ubao wa Nyuma

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti ilifika kabla ya kitu chochote kuonekana. Ilitoka nyuma ya mawe makubwa yanayoficha ufuko wa Ziwa Singidani, ikapanda njia ya vumbi, ikamkuta Nasma akishuka na chupa ya chai na mfuko wa viazi vitamu. Ngo. Ngo. Kisha ghafla: bu.

"Ubao huo umeoza," Nasma alisema peke yake, akaongeza mwendo.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Likizo ya Juni ilikuwa imeanza, na kila asubuhi aliteka maji, akafagia uwanja wa nyumba yao ya Mandewa, kisha akashuka ziwani kumpelekea chai baba yake, Rahimu, na Fundi Melkizedeki. Alipozunguka jiwe la mwisho aliiona boti ya familia, Twende Kazi, imekaa juu ya magogo. Babu yake aliinunua kabla baba yake hajaoa. Rangi ilikuwa imebanduka, na sitaha, ile sakafu ya mbele anaposimama mtu wa kurusha nyavu, ilikuwa imeoza kiasi kwamba mwaka uliopita mguu wa baba ulitumbukia hadi gotini.

"Shikamoo, Fundi. Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti Rahimu," alijibu Fundi, nyundo mkononi. "Umesikia?"

"Nimesikia tangu kule juu. Tano nzima, moja mbovu."

Fundi alicheka. "Baba yako yuko hapa pembeni na hajasikia kitu."

"Mimi nasikia njaa tu," alisema baba. "Lete hivyo viazi."

Hivyo ndivyo Fundi alivyopima boti. Aligonga kila ubao, kutoka ncha hadi ncha, kila baada ya upana wa kiganja. Ubao mzima ulilia, akauchorea duara kwa chaki. Ubao mbovu ulitoa sauti nzito iliyokufa papo hapo, akauchorea mkato na kuung'oa. Alikuwa pia na sharti moja ambalo wavuvi wote wa ufuko ule walilijua: siku boti inaporudi majini, aliyeigonga hukaa nyuma kabisa, mgongo wake ukiwa kwenye ubao wa nyuma, karibu na injini. Kama amegonga vibaya, maji yanamkuta yeye kwanza.

Kazi ilikuwa ya haraka. Wavuvi walikuwa wamekubaliana kulipumzisha ziwa kwa miezi mitatu ili perege wazaliane, na lingefunguliwa Jumatatu alfajiri. Siku ya kwanza nyavu hutoka zimejaa. Siku ya pili samaki wameshajifunza kukimbia. Nyumbani kwa Rahimu kila mtu aliitegemea Jumatatu ile.

Kufikia Alhamisi sitaha mpya ya mninga ilikuwa tayari, imeshikwa kwa misumari isiyoshika kutu, kwa sababu maji ya ziwa lile yana magadi na hula msumari wa kawaida. Ukabaki ubao wa nyuma, unaobeba injini. Ulikuwa umeundwa kwa mbao tatu zilizolala moja juu ya nyingine. Ule wa juu Fundi alikwisha kuubadilisha. Ijumaa alimkabidhi Nasma nyundo.

"Hizi mbili gonga wewe. Masikio unayo."

Nasma alijiona amekua ghafla. Wakati huohuo akatokea Hosea, kijana wa darasani kwake, ambaye mjomba wake alikuwa na boti ya pili kutoka pale.

"Daktari wa mbao," Hosea alisema, "hiyo boti ina malaria au homa ya matumbo?"

"Kaa hapo ujifunze," Nasma alimjibu. Akafumba macho ili kumwonyesha kwamba hahitaji hata kutazama. Ubao wa kati aliugonga wote, vizuri. Wa chini aliugonga katikati na upande wa kulia. Kona ya kushoto ilikuwa imeinama karibu na tope, nyundo ilifika kwa taabu, na Hosea alikuwa anatazama. Nasma akachora maduara hadi mwisho.

"Zote nzima," alisema.

"Basi kesho rangi," alisema Fundi.

Jumamosi Nasma alikuwa anakwangua rangi ya zamani. Fundi na baba walikuwa mbele ya boti wakipima kamba. Kikwangulio kikafika kona ya kushoto, chini, kikazama. Hakikukwangua, kilizama kama kisu kwenye kiazi kilichochemshwa. Nasma alikitoa, akasukuma tena kwa kidole. Ubao ulibonyea.

Angesema nini? Maduara yalikuwa yake. Hosea angeitangaza habari ile hadi shuleni. Na Jumatatu ingepotea.

Aliokota unga wa mbao uliomwagika chini ya msumeno, akauchanganya na gundi, akaushindilia kwenye kona. Ulipokauka alipaka rangi ya buluu mara mbili. Ilipendeza kuliko sehemu nyingine zote.

"Mkono wako umetulia," Fundi alimsifu. Nasma hakumtazama usoni.

Jumapili baada ya sala ya adhuhuri, wanaume sita waliisukuma Twende Kazi hadi ukingoni. Injini ilikuwa imeshafungwa. Baba aligawa majaketi ya kuokolea. Ndipo Abdillahi, mdogo wake Nasma mwenye miaka saba, alipomshika mkono.

"Dada, nipe nafasi yako ya nyuma. Leo tu."

"Aliyegonga ndiye anayekaa," alisema Fundi. "Labda mwenyewe akuruhusu."

"Nimemruhusu," Nasma alisema haraka, na papo hapo akajichukia.

Abdillahi alipanda mbio. Akaketi, akaegemea ubao wa nyuma, akaanza kuupiga kwa kisigino, kwa furaha, hapohapo kwenye kona ya kushoto. Bu. Bu. Bu. Watu walikuwa wanaongea na hawakusikia. Nasma alisikia kila pigo. Baba alishika kamba ya kuwashia injini.

"Baba, usiwashe."

"Kuna nini?"

"Ubao wa chini umeoza. Nilijua tangu jana. Nimeuziba kwa gundi, nikapaka rangi."

Baba aliiachia kamba. Alimbeba Abdillahi, akamtua nchi kavu. Fundi akampa Nasma bisibisi.

"Onyesha."

Nasma aliingia majini hadi magotini, akasukuma. Bisibisi ilizama hadi kwenye mpini.

"Injini ingesukuma, kona ingefunguka," alisema Fundi polepole. "Maji yangeingia nyuma, na uzito wote uko nyuma. Mngekuwa katikati ya ziwa."

Hosea, aliyekuja kutazama, alisogea karibu aone.

"Jumatatu yangu imekwenda," alisema baba. Aliondoka akaenda kusimama nyuma ya mawe. Baada ya muda baba alirudi amekunja mikono ya shati.

"Mninga umekwisha, Fundi. Tutapata wapi ubao?"

Nasma alitazama rundo la mbao zilizong'olewa kwenye sitaha, zile ambazo mama yake alitaka kuzifanya kuni. "Ule mrefu," alisema, "ulioza upande mmoja tu."

"Basi tuambie sehemu nzima inaanzia wapi," alisema Fundi, akampa nyundo.

Safari hii hakufumba macho. Aliugonga ubao wote, kiganja kwa kiganja, akaugeuza, akaugonga tena upande wa pili. Alipofika pahali alipokuwa na shaka alisema, "Hapa sina hakika," na Fundi akainama wakasikiliza pamoja. Walipata futi nne za mninga mzima. Ule wa chini ulihitaji futi tatu na nusu.

Waliukata, wakaupachika, wakaziba nyufa kwa pamba na mafuta mazito. Mafuta yale yalihitaji siku nzima kukauka.

Kwa hiyo Jumatatu alfajiri Nasma alisimama ufukoni, amejifunika khanga kwa upepo, akitazama boti nyingine zikiondoka. Baba alisimama kando yake. Hosea alimpungia kutoka kwenye boti ya mjomba wake.

"Daktari, leo mtakula ugali kwa upepo."

Lakini jioni ileile Hosea alifika mlangoni kwao na perege wawili wanene. "Wa mgonjwa wako," alisema, akakimbia kabla hajashukuriwa.

Jumanne boti ilirudi majini. Kona ya kushoto haikuwa na rangi bado. Ubao ulionekana wazi, mwekundu na safi. Fundi Melkizedeki aliweka mkono juu yake.

"Sikiliza, binti Rahimu. Kukosea kugonga ni kitu cha kawaida. Mimi mwenyewe nimekosea, na boti zimenizamia. Hilo nakusamehe bila hata kufikiri. Kosa lako lilianza uliposhika brashi. Ungesema Jumamosi, baba yako angevua Jumatatu pamoja na wenzake. Matengenezo yalihitaji siku moja tu, na siku hiyo wewe ukaipoteza kwa kuficha ukweli. Lakini ulisema kabla injini haijawaka, mbele ya watu wote, na ndiyo maana leo nyundo yangu nakupa tena."

"Nimekuelewa, Fundi."

Nasma alipanda, akaketi nyuma kabisa, mgongo kwenye ubao. Baba alitikisa kichwa kukubali, na Abdillahi akajibana kando ya dada yake, jaketi likimfika masikioni. Mtoto aligeuka akautazama ubao kwa mashaka.

"Dada, hapa umegonga?"

"Mara tatu."

"Na pale kwenye kona?"

"Nilianzia pale."

Abdillahi aligonga kwa ngumi yake ndogo, aone mwenyewe. Ngo. Injini ikawaka, Twende Kazi ikaondoka ufukoni, na Nasma akainama sikioni kwa mdogo wake ili asikie juu ya kelele.

"Nakuahidi, Abdillahi. Nikisikia ubovu nitasema siku hiyohiyo, hata kama aliyesimama mbele yangu ni Hosea."