Maji ya Mchana, Mwezi wa Ramadhani

"Kata hii imerowa, Mwanapili. Nani amekunywa maji?"

Bi Esha alisimama kwenye mlango wa ua, kata ya kifuu mkononi, tone la maji likining'inia ukingoni. Adhuhuri ilikuwa imeshaadhiniwa. Nyuma yake kifuniko cha mtungi kilikaa upande.

Mwanapili alitaka kujibu, lakini ulimi ulikuwa umegandama. Yale mafunda mawili aliyoyaiba hayakufika mbali. Alisema alikuwa akisuuza kata.

"Unasuuza kata kwa mdomo?"

Mwanapili alijifuta midomo kwa ncha ya kanga.

"Uko katika siku zako?"

"La, mama. Zimekwisha."

Bi Esha alimsogelea, ukali ukapungua. "Au una kitu tumboni, mwanangu? Sema tu. Nitafurahi."

"Sina kitu, mama."

Hilo ndilo lililomuudhi. Angeambiwa mkwewe ana mimba, angemtekea maji kwa mkono wake mwenyewe. Aliitundika kata mahali pake, akasema watazungumza wakati wa kufuturu, mbele ya Suleiman.

Ilikuwa Ramadhani ya kwanza tangu bendera ya Uhuru kupandishwa, na joto la Msambweni halikuwa na huruma. Lakini kiu ya Mwanapili haikutoka kwenye joto.

Alikuwa na mtoto wa kike. Mtoto aliishi mpaka akajua kucheka, kisha homa ikamchukua. Tangu azikwe, Mwanapili alilala ameelekea ukuta. Alipika alipoambiwa apike, akaoga alipoambiwa aoge. Mumewe, Suleiman, aliyesomesha watoto Qurani chuoni, alimsomea dua na kumfukiza ubani. Yote yalipokosa kufaa, alimwambia mamake kwamba wanakwenda kumjulia hali shangazi Mombasa. Hawakwenda kwa shangazi. Walikwenda kwa daktari aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo, na Suleiman ndiye aliyemfasiria mkewe kila neno. Kuna vidonge vipya vya huzuni ya namna hii, daktari alisema, ila tabu yake hutangulia na faida hufuata polepole. Mdomo utakauka, mikono itatetemeka, moyo utakwenda mbio. Anywe maji mara kwa mara, wala asiache vidonge ghafla.

Wakirudi, kwenye feri ya Likoni, Suleiman alimshika mkono chini ya buibui.

"Hili liwe letu wawili," alimwambia. "Watu wakisikia dawa ya akili, watasema mke wa mwalimu ana wazimu. Watawatoa watoto chuoni."

"Na Ramadhani ikiingia?"

"Mgonjwa ameruhusiwa. Nawafundisha watoto hilo kila mwaka. Utakunywa, na ukipona utalipa. Mimi ndiye shahidi wako."

Mwanapili aliyashika maneno hayo kama mtu anavyoshika ukuta gizani.

Tabu zilikuja kama zilivyotajwa. Jasho lilimtoka akiwa ameketi. Choo kilikuwa kigumu. Mikono ilitetemeka hata kaimati zake zikatoka kila moja na umbo lake, na wifi yake, Mwanasiti, akauliza kama zilikaangwa ndani ya lori. Mwanapili alivumilia, kwani juzi, wakati wa daku, jambo lilitokea. Suleiman alipiga chafya na wali mdomoni, punje zikaruka mpaka kwenye ndevu zake, na Mwanapili akacheka. Kicheko kilimshtua mwenyewe. Suleiman aliweka bakuli chini, macho yamemjaa machozi, akamwomba acheke tena.

Jioni ile, mwadhini alipomaliza, walikaa mkekani wote wanne. Bi Esha alingoja mwanawe atie tende mdomoni.

"Mwalimu, mkeo amekunywa maji mchana. Una habari?"

Mwanapili alimtazama mumewe. Neno moja lilitosha, na neno lenyewe Suleiman alilijua kuliko wote waliokuwa pale: mgonjwa. Suleiman alitafuna tende polepole. Aliitoa kokwa, akaiweka pembeni mwa sahani, akaisogeza kidogo kwa kidole.

"Sina habari, mama."

Mwanasiti alicheka puani. "Basi nyumba ya mwalimu ina kobe, mla mchana kwa siri. Watu wanajificha kufuata wali kwa majirani, na sisi tumefuga wetu ndani."

Kikombe cha uji kilitetemeka mkononi mwa Mwanapili, uji ukamwagikia mkeka. Alikiweka chini kwa mikono miwili.

"Ni kweli, mama," alisema. "Hana habari. Nilikunywa mwenyewe."

Suleiman alimfuata chumbani akiwa amekwisha kuvaa kofia ya kuendea tarawehe. Alisema asamehewe. Alisema ndimi zilikuwa nyingi pale mkekani, na kwamba baada ya Idi atamweleza mamake kwa utulivu.

"Bado wamekaa," Mwanapili alimwambia. "Rudi sasa hivi useme neno moja. Mengine nitayabeba mimi."

"Baada ya Idi, mke wangu. Nakuapia."

Alisikia ndala zake zikivuka ua, zikapita penye mkeka bila kusimama.

Mwanapili alivitumbukiza vidonge chooni. Siku za mwanzo tumbo lilimchafuka na kichwa kikamzunguka, kisha mate yakarudi mdomoni. Mikono ikatulia. Alifunga bila kugusa mtungi, na Bi Esha akawaambia majirani kwamba mkwewe ameona haya na kujirekebisha. Kaimati zilitoka mviringo. Hakuna aliyeona kwamba aliyezikaanga hakuzionja.

Asubuhi ya Idi, Suleiman alitoka kuswali, akaketi mbele ya mamake na kanzu yake mpya, akasema yote: Mombasa, daktari, vidonge, maji, na tende aliyoitafuna akiwa anajua.

Bi Esha alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila hasira:

"Mgonjwa wa nini, mwanangu? Amefunga vizuri hata kuliko mimi. Umeitazama mikono yake? Iko salama."

Suleiman aliinuka, akateka maji kwa ile kata, akaingia chumbani. Mwanapili alikuwa amelala ameelekea ukuta, kanga mpya ya Idi ikiwa bado imekunjwa miguuni pake.

"Nimesema," alimwambia. "Nimemwambia mama kila kitu. Tutarudi kwa daktari, tutaanza vidonge upya, na safari hii utakunywa mbele ya watu wote."

Hakugeuka.

Suleiman alipiga magoti kando ya kitanda, akaisogeza kata karibu na mdomo wake. Maji yalicheza, kwani sasa mkono uliotetemeka ulikuwa wake.

"Mwanapili. Kunywa japo funda moja."

"Sina kiu," alisema.