Mzigo Aliotwikwa Bijou

Ndugu zangu, nyumba ya Philippe na Thérèse pale Barking, Uingereza, ilikuwa na amani. Jumamosi ungesikia nyimbo za sala tangu kwenye ngazi, na harufu ya sombe, kisamvu cha kwetu, ikakuvuta hadi mlangoni. Mimi, mjane jirani yao, nilikula mezani pao mara nyingi.

Mwaka 2003 Thérèse akaanza kutokwa damu nje ya siku zake. Kiingereza hakukijua, na mumewe alishinda kazini, akifagia uwanja wa ndege. Basi akaenda kliniki na binti yake Bijou, wa miaka kumi na miwili, awe ulimi wake.

Mnajua kwetu. Mtoto hataji mwili wa mama yake, na mama hamfunulii. Thérèse akamwambia, "Sema tumbo." Bijou akasema tumbo, daktari akatoa dawa ya tumbo. Walirudi mara kadhaa, ikawa hivyo hivyo. Thérèse akakonda. Kanisani wakasema ni mawazo ya ukimbizi.

Siku moja aliinuka kitini pale kliniki, akaacha doa la damu. Bijou akavua koti lake upesi, akalifunika. Nesi Doreen akamwona. Huyo ni mmoja wa wenyeji wa asili wa Australia, waliokuwako kule kabla ya wazungu; alikuja huku kufanya kazi. Akamwuliza Bijou kama kuna mama mtu mzima wa kwao. Nikaitwa mimi, na Kiingereza changu cha kusafisha ofisi, mtoto akangoja nje.

Thérèse akasema yote, macho sakafuni. Doreen akanishika mkono, akasema:

"Kwetu pia mambo ya wanawake hayasemwi mbele ya mtoto. Mama yangu mdogo alinyamaza zahanati, wakaandika kwamba haumwi. Tukamzika. Watu wetu wanakufa mapema kuliko wazungu wa nchi ile ile, halafu tunaambiwa sisi ni wakaidi."

Wakampima, kumbe ulikuwa uvimbe mbaya wa kizazi. Thérèse alipona, asifiwe Mungu, lakini kizazi kilitolewa, na yule mtoto wa kiume waliyekuwa wakimwombea hatazaliwa.

Siku ya upasuaji Bijou aliniuliza, kwa Kiswahili, yeye ambaye siku zote hunijibu Kiingereza: "Mama, ni mimi niliyemwumiza mama yangu?"

"Hapana, binti yangu. Sisi wakubwa ndio tuliokutwika mzigo huu."

FUNZO

Heshima ni nzuri, lakini isimbebeshe mtoto ugonjwa wa mzazi. Omba mkalimani mtu mzima, usione haya; ni haki yako. Nanyi mnaotibu, mgonjwa akirudi na neno lile lile huku anakonda, mtoeni mtoto nje kwanza, kisha mwulizeni upya.