Shule Iliyo Kifuani mwa Ayinde

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu Adunola alikusanya mayai ya kuku, kisha akamlisha mdogo wake Ayinde uji mwepesi wa mahindi. Mama yao alikuwa kazini mjini Ibadan, kwa hiyo nyumba yetu hapa Iseyin niliiendesha mimi. Mayai yalikwenda sokoni. Kwetu mtoto mdogo hapewi yai. Tunasema akizoea utamu atakuwa mwizi.

Ayinde alikuwa na miaka miwili. Mafua yakiisha, vinakuja vidonda vya mdomo, vikipona, anaharisha. Siku alipoanza kuhema, mbavu zikibonyea, tulimkimbiza hospitali.

"Nyumbani anakula nini?" Daktari Ogunmola aliuliza.

"Kila kitu," nikajibu. "Mayai, samaki, maharage. Mlafi kama babu yake."

Adunola alinitazama. Nikamkazia macho. Akapiga magoti mbele yangu.

"Nisamehe, Bibi. Daktari, anakula uji tu. Mayai tunauza."

"Wewe, unaniumbua mbele za watu?"

"Nichape, Bibi. Nikinyamaza atakufa kama Bamidele."

Bamidele alikuwa kaka yao. Surua ilimchukua mwaka juzi, na watoto wa majirani walioiugua wiki ileile walipona.

Daktari hakunigombeza. Alivuta kiti. "Mama, kitendawili."

"Tega."

"Nina shule kifuani, wanafunzi wake ni askari."

"Sijui. Chukua mji."

"Ni tezi iitwayo thaimasi, nyuma ya mfupa wa kifua. Chembe changa za damu, ndio hao askari, hutoka kwenye uboho wa mifupa, kisha huenda pale kujifunza kuwatambua maadui, yaani vijidudu. Chembe inayotaka kuushambulia mwili wenyewe huondolewa. Sasa mtoto asipokula vizuri, shule hiyo husinyaa. Askari wanakuwa wachache, na kila ugonjwa unaopita unamwangusha."

"Haifunguliwi tena?"

"Akilishwa vizuri hukua tena, polepole. Lakini leo siahidi kitu, Mama."

Alilazwa, tukamnywesha maziwa ya dawa kijiko kwa kijiko. Siku ya nne, mtoto wa kitanda cha pili alitolewa amefunikwa shuka, mama yake akifuata nyuma na ndala moja mguuni. Adunola aligeukia ukuta. Siku ya kumi na moja, Ayinde alininyang'anya kijiko.

Tuliporudi nyumbani nilimpa yai la kuchemsha, nikamwita dada yake.

"Nilikufundisha kwamba kumsahihisha mkubwa ni utovu wa adabu," nikamwambia. "Nilikosea. Mgonjwa akiwa mbele ya daktari, anayeujua ukweli auseme, hata kama anayedanganya ni bibi yake."

Akamfuta mdogo wake mdomo. "Na Bamidele, Bibi? Yai lingemponya?"

"Sijui, mwanangu. Ninachojua ni kwamba sikumpa."