Chumba Kisicho na Mlango

Asubuhi moja ya ukungu mjini Milano, msanifu majengo Oreste Galdini aliikuta ramani yake ya jumba la makumbusho imeongezwa chumba. Kidogo, pembeni, hakina mlango wala dirisha.

Akakifuta. Kesho yake kilikuwepo.

Oreste alikuwa na jina. Viti vyake vya miguu myembamba vilikaliwa hadi Paris, na nyumba zake za vioo zilifundishwa vyuoni. Jumba hili ndilo lingemaliza ubishi wote juu ya ukubwa wake. Akamshuku mtu pekee mwenye ufunguo mwingine wa ofisi: Cesira, mchoraji wake wa miaka mingi.

"Wewe unataka nichekwe," alimwambia, akikoroga kahawa.

"Ningetaka uchekwe ningekuacha uhutubie. Sijaigusa. Ila hii harufu ya chokaa mbichi humu ndani, huisikii?"

Alikuwa anaisikia. Hakukiri. Akabadilisha kufuli, asimpe ufunguo, na chumba kikarudi vilevile.

Alasiri moja walikuwa wakibishana juu ya ngazi. Cesira akarudi nyuma hatua moja.

"Oreste," akanong'ona, "usishtuke. Tazama mkono wako wa kushoto."

Mkono ulikuwa unachora. Tangu azaliwe hakuwahi kushika penseli kwa kushoto, na sasa vidole vilikwenda vyenyewe, vya baridi kama vya maiti, vikipiga mistari iliyonyooka bila rula, na alipoukamata ule mkono kwa wa kulia ukamburuta, mtu mzima, mpaka ukutani, ukaendelea kuchora pale huku nyuma yake kitu kikipumua polepole, kama mtu anayemsubiri fundi amalize kazi.

Cesira akamleta shangazi yake Palmira, mwanamke wa milimani anayeagua kwa mafuta. Palmira akadondosha mafuta ya zeituni katika sahani ya maji. Tone halikutanda. Lilijikunja likawa na pembe nne.

"Kwenye kiwanja cha jumba lako kulikuwa na nini kabla?"

"Kikanisa kibovu. Tulikibomoa."

"Umemvunjia jini nyumba yake, mwanangu. Hakutaki wewe. Anataka pa kukaa."

"Mimi sijengi chumba kisicho na kazi," Oreste akasema. "Maisha yangu yote nimefundisha watu hivyo."

"Basi abaki na mkono."

Akakijenga. Waashi walipoweka tofali la mwisho, vidole vikapata joto. Oreste akalia mbele ya Cesira na kumwomba radhi, naye akamwambia, "Futa machozi, nipe ufunguo wangu."

Siku ya ufunguzi wageni walisifu kila kitu. Cesira alipita kando ya ule ukuta, akasikia ndani kikohozi kizito cha mzee aliyetulia kwake. Akapumua.

Kisha wakakohoa wengine wawili, mtoto akaanza kulia, na kucha nyingi zikakwaruza ukuta kwa ndani, kama za watu waliobanana.